Suzuki si jina la moto tu

Katika ukurasa huu wa majina tunapenda kuuliza kila mara: jina hili limetoka wapi, na linamwambia nini yule anayelichukua? Mwezi huu tutatembea mbali, hadi Japani. Lakini usiogope safari, kwa maana mwishoni tutarudi hapa hapa Katanga, mpaka kwenye mlango wa nyumba yako.

Simama siku moja pembeni ya barabara kubwa, ile ya kwenda Kasumbalesa au ile ya Kolwezi, pamoja na mtoto aliyeanza kusoma. Atakusomea majina kwa sauti: Toyota, Honda, Yamaha, Suzuki. Anayajua mbele ya kujua majina ya mitume kumi na wawili! Halafu umuulize: «Hii majina ni ya nani?» Atakujibu: «Ni ya mashini, baba.» Tena hata wewe mwenyewe ungejibu vile vile.

Kumbe hapana. Ni majina ya watu, majina ya jamaa. Honda alikuwa mtu. Yamaha alikuwa mtu. Toyota imetoka kwa jamaa ya Toyoda. Na Suzuki ni jina ambalo Wajapani karibu milioni 1.8 wanaitwa nalo hata leo. Wengi wao hawana hata moto moja katika nyumba.

MJI MMOJA, WAFUNDI WATATU

Tuanze na jambo litakalowapendeza vijana. Iko mji mmoja wa Japani unaoitwa Hamamatsu, katika mkoa wa Shizuoka. Moto tatu kati ya hizo tulizotaja zilianzia huko, na wote watatu walioziachia majina yao walikuwa wafundi wa mikono, hawakuwa watoto wa wafalme.

Wa kwanza ni Yamaha Torakusu. Mwaka 1887 aliitwa kutengeneza kinanda kilichoharibika katika masomo ya watoto pale Hamamatsu. Alipokifungua na kuona ginsi kilivyo ndani, akasema moyoni: hata mimi naweza kuunda kingine. Akakiunda pamoja na mwenzake. Wakakitundika kwenye mti, wakakibeba mabegani, wakavuka milima ya Hakone kwa miguu hadi Tokyo, kusudi wenye ujuzi wa muziki wakisikilize. Waliambiwa kwamba sauti zake hazipatani. Yamaha hakuchoka: alijifunza muziki, akarudia kazi. Moto ya kwanza yenye jina lake ilitoka mwaka 1955 tu, miaka mingi nyuma ya kifo chake. Angalia vizuri alama ya Yamaha: zile ni uma tatu za kupimia sauti za muziki. Kwa hiyo, ninyi wa koro, mkiona Yamaha inapita, mjue kwamba ilizaliwa na kinanda.

Wa pili ni Honda Soichiro, mtoto wa mfua vyuma wa kijiji. Aliianzisha kampuni yake mwaka 1948. Wa tatu ni Suzuki Michio, aliyezaliwa mwaka 1887, ule mwaka wa kinanda. Alijifunza useremala, na mwaka 1909 akafungua kazi ya kuunda mashini za kufuma vitambaa. Watu wanasimulia kwamba mashini yake ya kwanza aliiunda kwa ajili ya mama yake, aliyekuwa akichoka kufuma. Kinga yenye injini ilikuja nyuma sana, mwaka 1952, vita kubwa ilipokwisha kupita.

Umeona ninavyoyaandika majina yao? Suzuki Michio, Honda Soichiro. Kwa Wajapani, jina la jamaa linatangulia, na lile la mtu mwenyewe linafuata. Mtoto wetu anayeandika kwenye buletini nom, post-nom na mwishoni prénom hatashangaa.

SUZUKI MAANA YAKE NINI?

Ukimuuliza Mjapani akuandikie Suzuki, ataandika alama mbili. Ya kwanza ni «kengele», ya pili ni «mti». Basi utafikiri: mti wa kengele! Lakini usikimbilie kuamini. Alama hizo zilichukuliwa juu ya sauti yake tu. Maana yenyewe iko katika shamba la mpunga.

Kusini ya kisiwa kikubwa cha Japani kuna inchi ya milima na misitu mikubwa, jina lake Kumano. Leo sehemu yake kubwa iko katika mkoa wa Wakayama. Huko, walipokwisha kuvuna mpunga, watu walisimika mti katikati ya shamba na kuzungusha mafungu ya mpunga kuuzunguka, moja juu ya lingine, mpaka inakuwa kama kibanda kirefu. Yule mama aliyepanga mahindi yake juu ya kichanja anaelewa vizuri kazi hiyo. Katika luga ya Kumano rundo lile waliliita susuki, au suzuki. Bankambo wao, katika dini yao ya zamani, waliamini kwamba roho ya mpunga inashukia pale kwenye ule mti ili mwaka unaofuata shamba lizae tena.

Ilikuwako ukoo mkubwa wa zamani ulioitwa Hozumi, ndiyo kusema «kupanga masuke ya mpunga». Tawi moja la ukoo huo, lililotumika katika mahali pa ibada pa Kumano, lilichukua jina lile lile kwa luga ya kwao: Suzuki. Hata leo, pale Fujishiro katika mji wa Kainan, wanaonyesha nyumba ya jamaa hiyo. Ilikuwa karibu kuanguka, lakini imejengwa upya katika miaka hii ya karibuni. Wasuzuki wanatoka pande zote za Japani kwenda kuangalia mahali jina lao lilipotokea.

Hapa tuangalie tofauti yetu na wao. Kwetu, jina la mtoto mara nyingi linasimulia ginsi alivyozaliwa. Ukisikia Mbuyi na Kabanga, unajua ni mapacha. Ukisikia Bahati au Mapendo, unajua moyo wa wazazi siku ile. Jina la jamaa la Wajapani linasimulia zaidi udongo. Tanaka ni «katikati ya shamba la mpunga». Yamamoto ni «chini ya mlima». Nakamura ni «kijiji cha katikati». Kobayashi ni «msitu mdogo». Ishibashi ni «daraja la mawe», na yule mzee Ishibashi aliyetengeneza mipira ya magari aligeuza jina lake kwa Kiingereza: ndiyo ile Bridgestone unayosoma kwenye mipira ya makamyo. Kwetu tungesema: hawa ni watu wa pale kwenye daraja.

GINSI JINA LILIVYOTEMBEA

Namna gani jina la milima ya Kumano limefika inchi nzima? Halikwenda peke yake, lilibebwa na miguu ya watu.

Sababu ya kwanza ni hija. Katika karne za kati, Kumano ilikuwa mahali pa hija pakubwa sana. Walikwenda wafalme, walikwenda na maskini. Wasuzuki walikuwa kati ya wale waliowaongoza wenye kuhiji. Halafu walitembea hadi mikoa ya mashariki wakipeleka dini ya Kumano na kujenga mahali pa ibada mapya, na wengi walibaki kule, wakaoa, wakazaa.

Sababu ya pili ni bwana mkubwa mmoja, Tokugawa Ieyasu. Yeye alitoka Mikawa, ambayo leo ni sehemu ya mkoa wa Aichi, na huko Wasuzuki walikuwa wengi. Mwaka 1590 Ieyasu alihamia Edo, mji mdogo wakati ule, pamoja na askari na watumishi wake, na Wasuzuki kati yao. Edo ndiyo ilikuja kuitwa Tokyo. Ndiyo sababu hata leo Wasuzuki wamejaa Shizuoka, Aichi, Tokyo na mikoa ya karibu. Ukienda upande wa magharibi, Osaka na jirani zake, Watanaka na Wayamamoto ndio wanaojaa.

Sisi watu wa miji ya migodi tunalijua jambo hili bila mwalimu. Juu ya nini katika kambi moja ya wafanyakazi unakuta majina ya Kasai, ya Lomami, ya Luapula na ya Lualaba, nyumba kwa nyumba? Kazi iliita, watu wakapanda treni, na majina yakapanda pamoja nao. Jina ni kama vumbi ya njia: linaonyesha ulikopita.

SERIKALI ILIPOAMURU: KILA MTU AWE NA JINA

Lakini iko sababu ya tatu, na hii ni ya serikali.

Zamani za watawala wa Tokugawa, mtu wa kawaida, yaani mlimaji, fundi au mchuuzi, hakuwa na ruhusa ya kutaja jina la jamaa mbele ya wakubwa. Ilikuwa haki ya wenye kuvaa upanga, pamoja na wachache waliopewa kwa heshima. Walimaji wengi walikuwa nalo, wakilitunza kwa siri kijijini. Lakini mbele ya bwana, mtu alikuwa «Fulani wa kijiji fulani», basi.

Mwaka 1868 utawala ule ulianguka. Serikali mpya ya mfalme Meiji ilitaka kuhesabu watu wote. Mwaka 1870 iliruhusu kila mtu achukue jina la jamaa. Lakini watu hawakukimbilia. Waliogopa, kwa maana walijua vizuri: ukiandikwa, umepatikana, kwa kodi na kwa jeshi. Kweli, mwaka 1873 ikaja amri ya vijana wote kuingia jeshini. Basi tarehe 13 Februari 1875 serikali ikaamuru: sasa ni lazima, kila mtu na jina lake.

Fikiri zile siku katika vijiji! Aliyekuwa na jina la siri alilitoa. Aliyekuwa hana, alitazama mlima wake, mto wake, shamba lake. Wengine walimkimbilia mkubwa wa kijiji au mtu wa dini mwenye kujua kuandika, awachagulie. Wengine walichukua jina lililosikika sana kwao, jina la heshima. Pale Wasuzuki walipokuwa wengi, wakazidi tena. Kwa hiyo usifikiri kwamba kila Suzuki ni ndugu wa damu wa kila Suzuki. Jina ni moja, lakini mizizi ni mingi.

Jamaa moja tu haikuchukua jina la jamaa, hata leo: ni jamaa ya mfalme mwenyewe. Ni mkubwa hata anayeamuru wengine waandikwe majina!

Wazee wetu wakisoma habari hii watatikisa kichwa. Mwaka 1972 walisikia amri ya serikali juu ya majina: jina la ubatizo liondoke katika karatasi zote, lishikwe la bankambo peke yake. Kardinali Malula alilalamika, na ikampasa kuishi Roma kwa muda. Watu waliitwa jina moja ofisini, na lingine kanisani na jikoni. Miaka ya 1990 ilipoanza, prénom zikarudi. Tulijifunza kwamba serikali inaweza kugeuza karatasi kwa siku moja, lakini mama hageuzi upesi jina analoliita mtoto wake jioni. Hata hivyo tusisahau upande mwingine: hayo majina ya bankambo ni mazuri, na si dhambi hata kidogo kuyachukua mbele ya Mungu.

WAKO WANGAPI LEO?

Wajapani wote ni karibu milioni 124. Majina ya jamaa waliyo nayo yanakadiriwa kupita 100,000. Ni mengi ajabu! Kwa jirani zao wa Korea, Kim peke yake linachukua mtu mmoja kati ya watano. Japani, jina la kwanza kwa wingi ni Sato, watu milioni 1.8 na zaidi. Suzuki ni la pili, karibu nyuma yake. Lakini hata hivyo, ukiwakusanya Wajapani 100, pengine utapata Suzuki mmoja, au wawili.

Mmoja ni mchezaji wa beziboli aliyezaliwa mwaka 1973 katika mkoa wa Aichi, Suzuki Ichiro. Alipokuwa kijana, mwaka 1994, wakubwa wa ekipe yake waliona kwamba Suzuki ni wengi mno, wakamwandika mgongoni «Ichiro» tu. Dunia yote ya mchezo ule ikamjua kwa jina hilo, hata Marekani. Tazama, kijana: unaweza kuwa na jina la watu milioni, na bado kazi yako ikakufanya ujulikane peke yako. Jina la baba ni mwanzo tu. Lililobaki, ni wewe mwenyewe kulijaza.

JINA LA NDOA, NA MTOTO WA KULEA

Sheria ya Japani inataka bwana na bibi wachukue jina moja la jamaa. Wanaweza kuchagua la bwana au la bibi, lakini kati ya ndoa 100, zaidi ya 90 wanashika la bwana. Wako wamama waliopeleka shauri kwa tribinali kuu wakiomba kila mtu abaki na lake. Mwaka 2015 na tena mwaka 2021 tribinali iliwajibu kwamba sheria hiyo haivunji katiba. Mwaka 2024 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Tohoku alipiga hesabu, akasema: mambo yakiendelea hivi, mwaka 2531 Wajapani wote wataitwa Sato! Ni hesabu ya kuamsha watu, siyo unabii. Lakini inaonyesha kwamba kila arusi inaua jina moja. Kwetu mama anabaki na jina lake hata akiolewa, na hilo ni jambo jema tusilofikiria mara nyingi.

Lakini Wajapani wana desturi nyingine inayofaa tuitazame vizuri. Kama nyumba ina mabinti tu, baba anaweza kumpokea bwana wa binti yake kama mtoto wake kabisa, na yule kijana anachukua jina la nyumba ile. Kijana mmoja aliitwa Matsuda Osamu, alifanya kazi katika banki. Alioa mjukuu wa yule mzee Suzuki Michio, mwenye mashini za kufuma. Akapokelewa katika jamaa, akawa Suzuki Osamu. Mwaka 1958 aliingia katika kampuni, na mwaka 1978 akawa mkubwa wake. Aliiongoza miaka zaidi ya 40. Alikufa mwezi wa Desemba 2024, akiwa na miaka 94. Basi, yule aliyelitangaza jina la Suzuki duniani zaidi ya wote, hakuzaliwa nalo. Alipewa!

Sisi Wakristo hatushangai. Mtume Paulo aliwaandikia Waroma kwamba sisi pia tumepokelewa kama watoto, na ndiyo sababu tunaweza kumwita Mungu Baba. Mtoto wa kupokelewa si mtoto nusu. Wewe unayelea mtoto wa marehemu ndugu yako, na bado unamwita «huyu wa kuja» mbele ya wageni, fikiri neno hili.

SUZUKI NA SHINKOLOBWE

Sasa tuanze kurudi kwetu. Mwaka 1945, wakati wa vita kubwa, waziri wa kwanza wa Japani aliitwa Suzuki Kantaro, mzee aliyekuwa amiri wa bahari. Alishika kazi mwezi wa Aprili. Tarehe 6 Agosti bomu ya atomiki iliangukia Hiroshima. Tarehe 9 nyingine iliangukia Nagasaki, ikaangamiza kanisa la Urakami na wakristo waliokuwa ndani. Mzee Suzuki alimwomba mfalme atoe mwenyewe neno la mwisho, na tarehe 15 watu wote wakasikia kwamba vita imekwisha.

Nyingi ya uranium ya ile bomu ya Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Wachimbaji wa hapa hawakuambiwa ni ya kazi gani. Waliitoa kwa mikono yao, wakaipakia, ikaenda. Ndivyo udongo wetu na jina lile vilivyokutana mara ya kwanza, katika moto, bila mtu kumjua mwenzake. Tukiwaombea marehemu mwezi wa Agosti, tuwaweke na wale.

JINA AMBALO MTOTO HAKUPEWA

Mara ya pili tulikutana uso kwa uso. Katika miaka ya 1970, hadi mwanzo wa miaka ya 1980, Wajapani walikuja kuchimba shaba kule Musoshi, karibu na Kasumbalesa. Walikuja wanaume wengi, kwa mkataba wa muda. Walikaa kambini, walifanya kazi kwa bidii, wazee wetu waliofanya nao bado wanalisema. Wamoja walipata watoto na wasichana wa hapa. Mkataba ulipokwisha, baba alipanda ndege, na mtoto akabaki na mama yake. Watoto hao leo ni watu wazima, wana watoto wao. Kati yao wako waliobaki bila karatasi na bila jina la baba. Wanaonekana usoni mwao kwamba ni wa kule, lakini ukiuliza «Suzuki? Tanaka? Sato?», hawawezi kukujibu.

Ndugu msomaji, angalia ubaya wa jambo hili kwa Wajapani wenyewe. Kwao jina la jamaa linaandikwa katika kitabu cha serikali tangu mwaka 1872, nyumba kwa nyumba. Mtoto asiyeandikwa pale ni kama mtu asiye na mlango. Ule mti katikati ya shamba, uliobeba mafungu yote ya mpunga, kwake haupo.

Lakini tusinyoshe kidole upande wa Japani tu, tukasahau vidole vitatu vinavyotuelekea sisi. Nani anakwenda kuchimba Kolwezi miezi sita, anaacha mimba, na anageuza namba ya telefone? Nani anasema: «Huyu mtoto si wangu, hata afanane nami masikio»? Watoto wangapi wa miji yetu wanafika katika masomo ya sekondari, na directeur anaomba acte de naissance, na mama anaanza kulia? Baba zao hawakupanda ndege. Wanaishi katika commune ya pili.

Sheria yetu ya jamaa ya mwaka 1987 ni wazi: kila mtoto wa Congo lazima awe na baba, na hakuna mtu mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa katika ndoa au nje ya ndoa. Na sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto inasema kumwandika ni bure, ndani ya siku 90 toka kuzaliwa. Siku 90 ni miezi mitatu. Baba anayepata saa ya kungojea mechi ya Mazembe atapata pia saa ya kwenda état civil. Na kama siku zimepita, usikate tamaa. Uliza pale commune njia ya tribinali, hata kama ni ndefu.

Kumbuka Yosefu. Mtoto hakuwa wa damu yake. Lakini alikubali, akampa jina kama malaika alivyomwagiza, na wakati wa kuhesabiwa alifunga safari hadi Betlehemu pamoja na Maria mwenye mimba. Hakumwambia: «Nenda peke yako, hii si kazi yangu.» Ndiyo sababu Yesu aliitwa mwana wa seremala. Na katika Yohana 10 Yesu mwenyewe anasema kwamba mchungaji mwema anaita kondoo zake kila mmoja kwa jina lake.

Basi, siku nyingine Suzuki ikipita njiani na kukutimulia vumbi, usikasirike. Kumbuka rundo la mpunga kule Kumano, na ule mti katikati yake. Halafu rudi nyumbani, uhesabu watoto wako: wote wameandikwa?

KWA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Wazazi, elezeni kila mtoto maana ya jina lake na nani alimpa. Watoto, mnaweza kutaja jina la babu wa baba yenu, na la nyanya wa mama yenu?

2. Jamaa yenu ilitoka wapi mbele ya kufika katika mji huu? Nani aliyepanda treni wa kwanza, na mwaka gani?

3. Katika nyumba yetu kuna mtoto tuliyempokea? Tunamwita ginsi gani mbele ya wageni?

4. Vijana: mvulana anayekana mimba yake, je, wenzake wa kikundi wanamwambia nini? Wanacheka naye, ao wanamrudisha?

5. Acte de naissance za watoto wote ziko wapi? Mtoeni leo kwenye sanduku mzihesabu pamoja.

Mungu alinde majina yenu yote. Mpaka mwezi ujao.